Goti halingoji bilete



Mama zetu wanapanda mulima kutoka Moba-Port mpaka Kirungu na beseni ya samaki kwa kichwa. Vijana wa taksi-moto wanaanguka, wanavunjika. Mfupa unashika, lakini goti linabaki gumu kama mti. Kisha tunasema: "Mungu alipenda." Hapana! Mara nyingi kilichokosa ni mazoezi, na mtu wa kuyafundisha.

Mwenzetu mmoja alivunjika mguu. Plasta ilipotoka, akapewa vidonge na kuambiwa "itapita". Akarudi, akalipa fishi tena. Mara ya tatu ndipo wakamwandikia bilete ya transferi aende kwa kine, ule munganga wa viungo. Miezi ilikuwa imekwisha pita. Leo anachechemea. Ana miaka 24.

Njo tunauliza: ju ya nini mtu wa goti ao wa mgongo apite milango mitatu, na kila mlango alipe, mbele ya kuona mtu mwenye anajua kazi ya goti na mgongo?

Hii si ndoto. Australia, mgonjwa anaenda kwa kine moja kwa moja tangu 1976. Uingereza, tangu 2020 serkali inatoa pesa ili kine atumike pamoja na waganga wa mtaa: unafika na maumivu ya mgongo, unaonana naye wa kwanza.

Watasema: "Kine ataacha ugonjwa mkubwa upite." Lakini amefundishwa kutambua alama za hatari. Mgongo unauma, homa haiishi, mtu anakonda: inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Miguu inakufa ganzi, mkojo unatoka bila kujua: ni haraka. Hapo anamtuma kwa daktari siku ileile. Na daktari anabaki na wakati wa malaria, wa watoto na wa uzazi.

Watasema tena: "Watu hawako." Wako! UNIKIN inafundisha kazi hiyo. Diploma ziko ndani ya sanduku, nyumbani, sawa na zetu sisi wengine.

Katiba, kifungu cha 47, inatupa haki ya afya. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Vizuri. Lakini kuna ulemavu tunautengeneza sisi wenyewe kwa kuchelewesha watu.

Tunaomba wakubwa wa afya wa jimbo la Tanganyika mambo matatu:

1. Kine akae kwenye santre ya afya, Kirungu na Moba-Port, siku zinazojulikana kila juma.

2. Mgonjwa amwone bila bilete, kwa fishi moja, bei ibandikwe mlangoni.

3. Kine aandikwe kwa mshahara wa serkali, asiishi kwa mfuko wa mgonjwa.

Hatuombi mashini za bei kali. Kazi hii inaanza na mikono, mkeka na mtu mwenye alisoma.

Kwanza tutakuja na barua. Barua ikilala ndani ya meza, tutakuja na miguu: yenye inatembea, na yenye inachechemea.