Halloween Ofisini: Hofu Si Kitu cha Kuchezea



Sifa njema zote ni za Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na swahaba zake.

Ndugu Waislamu, mwezi wa Oktoba 2024 alinijia kijana niliyemsomesha madrasa hapa Nakivale, ambaye ameajiriwa katika ofisi moja mjini Mbarara. Akaniambia: "Maalim, tarehe 31 kazini kuna sherehe ya Halloween. Kila idara ni timu, na timu zinashindana kwa mavazi. Sisi tumepangiwa kuvaa kama maiti, na rangi nyekundu usoni. Mmoja asipovaa, timu nzima inapoteza pointi. Nifanyeje?"

Nikamjibu haraka: "Haifai, usishiriki." Lakini hakuondoka. Nikatambua kuwa nimempa hukumu tu, na yeye alikuja na jambo zito zaidi.

Kwanza tuitazame hukumu yenyewe. Halloween ni mkesha wa sikukuu ya watakatifu wote ya Wakristo wa Magharibi, Novemba 1. Wanahistoria wengi huihusisha pia na Samhain, sikukuu ya Waselti wa kale wa Ireland, walioamini kuwa usiku huo wafu hurudi kwa walio hai. Wahamiaji kutoka Ireland waliipeleka Marekani katika karne ya 19, na biashara ikaieneza duniani. Sisi tuna mafundisho yetu. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo, akawafahamisha kuwa Allah amewabadilishia kwa zilizo bora: Idd el-Fitr na Idd el-Adh-ha. Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Uislamu haukuja kutunyima furaha. Umetupa furaha yetu.

Kisha kijana akasema lililokuwa moyoni. Alifika Nakivale mwaka 2008 akiwa mtoto, kutoka Kivu ya Kaskazini. Waliomchukua baba yake usiku walikuwa wamefunika nyuso. "Maalim, nilipoiona ile rangi nyekundu mezani, mikono ilianza kutetemeka. Wenzangu wakacheka."

Ndugu zangu, makazi haya yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950: Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Ni nyumba ngapi hapa ambazo damu na maiti si mchezo bali ni kumbukumbu? Katika Abu Daud imepokewa pia kuwa swahaba mmoja alilala safarini, mwenzake akaichukua kamba yake kwa mzaha, naye akashtuka. Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Ikiwa kamba tu imekatazwa, je, uso wa maiti?

Tukashauriana, naye akamwendea mkuu wake kwa adabu. Hakumtukana mtu wala dini ya mtu. Aliomba abaki kuhudumia wateja wakati wa sherehe. Mwenzake mmoja Mkristo naye akasema kanisa lake halikubali jambo hilo, wakabaki wote wawili. Timu yao ilishindwa. Kwa wiki kadhaa aliitwa mharibifu wa furaha, na aliumia. Sitawadanganya kuwa kushika dini hakuna gharama.

Wanafunzi mtakaoajiriwa kesho, jifunzeni hapa: kataeni mapema, kwa upole, na mbebe sehemu ya kazi ili wenzenu wajue hamkwepi wajibu.

Nasi wazazi tujitazame. Watoto wetu hujifunika shuka baada ya Magharibi na kuwatisha wadogo zao, nasi tunacheka. Mtoto akikataa kulala tunamwambia jini anakuja kumchukua. Basi tuna haki gani ya kuinyooshea kidole ofisi ya Mbarara? Katazo la Mtume (s.a.w.) linaingia hata ndani ya nyumba zetu. Mtoto aliyelala kwa amani ni neema, na sisi tuliokimbia tunaijua thamani yake.

Tunamuomba Allah awape vijana wetu riziki ya halali na msimamo wenye hekima, na azitulize nyoyo zote zilizoshtushwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.