Kulipa Chumba Si Kumnunua Mtumishi

Wako wasafiri ambao wakishalipa kodi ya chumba hudhani kuwa wamemnunua na mtumishi. Hupiga makelele, hutukana, kisha husema: "Mimi nimelipa!" Na watu hawa wakenda Japani wakarudi, utawasikia wakisema kuwa Wajapani ni watu wa kuinama tu, waamrishwe upendavyo. Hii ni dhana mbovu.

Hebu tuzitazame hoteli za miji yao, kama Osaka na Yokohama, ambako hulala wafanya biashara wetu waendao kununua magari. Chumba ni kidogo, pengine hakipiti mita za mraba 12. Lakini utakuta kitanda kimetandikwa sawasawa, sapatu za ndani, nguo safi ya kulalia, na choo kirushacho maji ya kustanjia kwa kubonyeza kidude, chombo ambacho kampuni ya TOTO ilianza kukiuza mwaka 1980. Mwislamu aliyetaabika kutafuta maji hayo katika hoteli za Ulaya aijua thamani yake.

Na bakshishi hakuna. Ukiacha pesa mezani, mtumishi huenda akakufuata mbio akurudishie, akidhani umezisahau. Basi iko wapi hoja ya wale wasemao kuwa mtu hatumiki vizuri mpaka atiwe kitu mkononi? Yule ametumika vizuri kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Ama huko kuinama, ni salamu yao, wao kwa wao huinamiana. Anayeona adabu ya mwenziwe ni unyonge, yeye ndiye aliyekosa adabu. Saa ya kuingia chumbani mara nyingi ni tisa alasiri. Bwana huyu hufika asubuhi akataka ufunguo, na akiambiwa mzigo wake utawekwa mpaka saa ifike, huwaka moto. Je, kosa ni la nani?

Wajapani wenyewe wameyaona madhara ya wageni wa namna hii. Sheria yao ya nyumba za wageni ya mwaka 1948 haikumruhusu mwenye hoteli kumkataa mgeni ila kwa sababu chache. Ikarekebishwa, na tangu Desemba 2023 aweza kumkataa anayekariri madai ya kupita kiasi: kutaka apunguziwe bei bila ya haki, kutaka chumba bora bure, au kumtaka mtumishi apige magoti na kutia kipaji chini ili kuomba radhi.

Fikirini, ndugu zangu! Kumtaka mwanadamu mwenzio akutilie kipaji chini, pengine kwa sababu ya taulo! Muislamu ajuaye ni nani wa kusujudiwa atalitakaje jambo hilo?

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji aumwe. Anayesafiri na achukue adabu yake pamoja na pasi yake, na mtumishi amwambie ahsante.