Mauno mmeyaweka, mpiga ngoma mmemficha wapi?

Haya wadau, kuna klipu imezunguka sana wiki hii, najua na wewe umeiona. Staa mmoja wa kike, jina tunalihifadhi, kafunga kanga kiunoni, yuko katikati ya kikundi cha ngoma, anakata mauno ya Sindimba. Kucheza anajua, hapo simbanii. Kiuno kakitendea haki.

Tatizo langu ni moja. Wapiga ngoma wanaonekana nyuma yake, mikono inakwenda, jasho linawatoka, lakini huwasikii. Sauti yao imezimwa, juu yake umebandikwa wimbo wake mpya. Kikundi hakijatajwa popote. Nimeirudia mara tatu, kila nikitazama naona kiuno na wimbo haviendani. Kumbe kiuno kinajibu ngoma ambayo sisi tumenyimwa kuisikia!

Jamani, Kiswahili chenyewe kilishaimaliza kesi hii zamani. Tukisema "ngoma" tunamaanisha kile kinachopigwa, uchezaji wenyewe, na hata shughuli nzima. Neno ni moja kwa sababu vitu hivyo havijawahi kuachana.

Waulize Wamakonde wenye Sindimba yao kule Mtwara. Mpiga ngoma hapigi tu, anamtazama mchezaji. Akibadilisha mapigo, kiuno kinabadilika. Mchezaji akichachamaa, naye anaongeza moto. Ni maongezi yale, mmoja anauliza, mwingine anajibu. Au chukua Mdundiko wa Wazaramo: ngoma inatembea mtaani, watu wanaifuata, wengine walikuwa wametumwa dukani tu. Na kabla hata haijaanza, kuna mtu kawasha moto, anazipasha ngoma ili ngozi ikaze itoe sauti. Huyo nani anamtaja?

Najua kuna atakayesema, "Acha ushamba, utamaduni unabadilika." Sawa, ubadilike. Mchiriku ulichukua midundo ya ngoma za Pwani ukaiweka pamoja na kinanda kidogo cha umeme. Baadaye singeli ikazaliwa uswahilini Dar, na leo inapigwa hadi kwenye matamasha ya Ulaya. Lakini hao waliubeba mdundo wakaenda nao. Hawakuchukua mauno wakauacha mdundo barazani.

Ninachoomba kwa mastaa wetu siyo kikubwa. Acha hata sekunde 15 za ngoma halisi kabla wimbo wako haujaingia. Andika jina la kikundi. Halafu lipa. Mpiga picha umemlipa, mpambaji umemlipa, aliyekushonea nguo umemlipa. Ukifika kwa mpiga ngoma unamwambia "tutakutangaza," halafu jina lenyewe huandiki. Hiyo siyo kuenzi utamaduni, ni kumtumia mtu kama pazia la nyuma.

Na sisi mashabiki tusijitoe. Tunagombana kwenye maoni nani ana kiuno zaidi ya nani, hakuna hata mmoja anayeuliza, "Hivi hapo wanapiga nini?" Tukiendelea hivi, wadogo zetu wataijua Sindimba kama staili ya mtandaoni tu, na siku wakimkuta mzee anapiga ngoma yake, watashindwa kumjibu kwa kiuno.

Wewe unaonaje? Nimekaza sana, au staa wetu anatakiwa aiweke video nyingine yenye sauti yake halisi? Tiririka hapo chini.