Mbwa Kali au Mbwa Mkali?

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mjadala wenye kelele kuliko yote niliyowahi kuhudhuria. Hoja ilikuwa kwamba mbwa wa nyumbani afungiwe mchana kutwa. Watetezi walishinda kwa kura nyingi, makofi yakapigwa. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa na jambo zito moyoni. Leo nalisema.

Watetezi walidai kuwa mbwa akifungiwa tangu alfajiri na kufunguliwa usiku, huwa mkali na wezi humwogopa. Tena hatauma mbuzi wa jirani wala kuwakimbiza wenye baiskeli. Hoja hizo nazijua sana. Ndizo alizotoa baba mwaka jana, jirani alipokuja kulalamika kuhusu mwana-mbuzi wake. Baba alichukua mbao na mabati makuukuu akajenga kibanda. Kazi ya kumfungia Simba na kumwekea maji nikapewa mimi.

Sisi wa shule ya kutwa tunajua saa za kutoka nyumbani. Siku moja mwezi wa pili nilichelewa kuamka. Nikamsukuma Simba ndani, nikatia komeo, mbio! Maji nikasahau. Na jua la Kibwezi la mwezi wa pili si mnalijua? Mabati ukiyagusa saa saba unaungua. Mbwa naye hatoki jasho mwilini kama sisi, hupoa kwa kuhema ulimi nje. Mle ndani alikuwa akihema hewa ya moto tu. Mchana mdogo wangu alimsikia akilia, akafungua mlango ili ampe maji. Simba alitoka kwa kishindo akamng'ata mkono.

Hospitalini mama aliulizwa, "Mbwa amechanjwa?" Lo! Hakuwa amechanjwa. Mdogo wangu akaanzishwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, na baba akauza beberu ili apate nauli na pesa za dawa. Majirani wakasema Simba ni mbaya, auawe. Lakini mkosaji hasa nilikuwa mimi.

Tuliambiwa tumchunguze kwa siku 10. Safari hii tulimfungia katika ua wa miiba chini ya mwarobaini, maji yapo, nafasi ya kutembea ipo. Siku 10 zikaisha bila dalili yoyote, naye akawa mpole kama zamani. Hapo nikaelewa kwamba kufungia peke yake si ukatili. Ukatili ni kufungia bila kivuli, maji wala nafasi, kisha kusahau.

Jambo la pili, komeo si chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara huua. Wataalamu wa afya duniani husema kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa huo hukatika. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kuumaliza ifikapo 2030, na kaunti zetu za Makueni na Kitui ni miongoni mwa zile za kuanzia. Sasa tazama desturi yetu: mchana tunamfungia mbwa, usiku tunamwachilia azurure, apigane na mbwa tusiowajua na kugongwa na malori katika barabara ya Mombasa. Je, hapo tumezuia nini? Na nyani wanaokula mahindi huja mchana, wakati mlinzi wetu yuko kifungoni!

Wengine watasema, "Mbona Wazungu hufungia?" Ni kweli, Marekani watu wengi humzoeza mbwa mchanga kulala katika kizimba ndani ya nyumba. Lakini hata wao wanabishana, na nchi ya Uswidi imekataza kwa sheria kumweka mbwa katika kizimba kama hicho nyumbani. Kenya nayo ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Kwa hivyo tusiige kizimba tu tukaacha kuiga kumtembeza mbwa na kumfunza. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa ni vivyo hivyo.

Sisi wanachama wa Kiswahili tuna lingine la kutazama. Pita katika malango mengi utaona kibao kimeandikwa "MBWA KALI". Mwalimu wetu hukisahihisha kila mwaka: sema "mbwa mkali", maana kiumbe mwenye uhai yumo katika ngeli ya A-WA pamoja na watu. "Kali" ni ya dawa au ya chai. Nilikuwa nikicheka tu. Siku hizi naona kwamba aliyeandika kibao kile amemfanya mbwa kuwa kitu, kama kufuli la lango. Mimi pia nilimfanya Simba hivyo asubuhi ile.

Basi wenzangu, kabla ya kutoka nyumbani kesho, tazameni maji ya mbwa wenu. Wachanjaji wakija kijijini, mpelekeni. Na mkiwa lazima mmfungie, mfungieni mahali ambapo ninyi wenyewe mngeweza kukaa hadi jioni. Mjadala ukirudiwa, sitanyamaza tena.

Mwanachama, Kidato cha Tatu