Wahesabiwe Darasani

Katika madarasa ya mwanzo ya shule zetu za Bujumbura, tangu Kamenge hadi Musaga, mwalimu mwenye wanafunzi wengi kuliko madawati aghalabu anaye mtoto ambaye jana alijua kujumlisha na leo hajui tena, ambaye huadhibiwa asubuhi kwa kosa akalirudia lile lile kabla ya adhuhuri pasipo dalili yoyote ya ujeuri, na ambaye mwisho wa mwaka hurudishwa darasa, na mwaka wa pili akarudishwa tena, hata mzazi akachoka kumnunulia daftari. Huyo huitwa mvivu, au mkaidi, au mjinga, na jina likishamganda mtoto halibanduki kwa urahisi. Sidai kwamba kila mrudia darasa alidhuriwa na pombe aliyokunywa mamaye alipokuwa mjamzito. Ninalodai ni kwamba wamo waliodhuriwa hivyo, na kwamba idadi yao haitajulikana hospitalini wala katika daftari za wizara, ila kwa kwenda kuwahesabu pale pale wanaposomea.

Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, alieleza habari za watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi, na waliomsikiliza walikuwa akali. Hata mwaka 1973, madaktari Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, walipoziandika dalili zile zile na kuzipa jina, ndipo ulimwengu wa tiba ulipozinduka. Pombe inayoingia katika damu ya mama huvuka kondo na kumfikia mtoto, ambaye ini lake changa halina nguvu ya kuivunja, ikamzunguka ilhali ubongo wake ungali unaumbwa. Wachache huzaliwa na alama za usoni, yaani mdomo wa juu mwembamba, macho yenye mpasuko mfupi, na mfereji uliosawazika kati ya pua na mdomo. Walio wengi wana nyuso kama za watoto wengine wote, na madhara yao yamefichika katika kumbukumbu, katika hesabu, katika utulivu na katika uwezo wa kuona matokeo ya jambo kabla ya kulitenda. Kwa sababu hiyo mwalimu humkuta mtoto huyu kabla ya daktari.

Ushahidi wa jambo hili ni mwingi. Wataalamu wa Marekani wakiongozwa na Philip May waliwapima wanafunzi wa darasa la kwanza katika maeneo manne ya nchi yao, wakatangaza mwaka 2018 kwamba, kwa makadirio yao ya chini kabisa, watoto kati ya 11 na 50 katika kila 1000 walikuwa na madhara haya. Na katika watoto 222 waliowagundua, wawili tu ndio waliokuwa wamekwisha kutambuliwa na waganga kabla ya hapo. Ikiwa nchi yenye hospitali kama zile iliwapita watoto wake bila kuwaona, seuze sisi! Huko Wellington, Afrika Kusini, katika mashamba ya mizabibu ambako vibarua walizoea kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, desturi iliyodumu hata baada ya kupigwa marufuku na sheria, hesabu iliyofanywa shuleni mwaka 1997 ilikuta watoto zaidi ya 40 katika kila 1000 wakiwa na madhara makali, na akina mama wao aghalabu walikuwa wadogo wa umbo na wenye lishe duni. Habari hiyo yatuhusu, kwa maana njaa na pombe si mahasimu wanaogombea nafasi katika bajeti ya afya, ni washirika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na katika umati mkubwa namna hiyo wa watoto wafupi, yule aliyefupishwa na kileo hujificha bila taabu.

Wala tusijidanganye kwamba kileo ni cha mashamba ya watu wengine. Kwetu hakuna posa, wala mahari, wala matanga yasiyo na kinywaji. Urwarwa wa ndizi na impeke ya mtama hunywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na kanyanga, ingawa imeharamishwa, huuzwa vichochoroni, hasa miaka hii ambayo bia ya kiwanda imekuwa adimu. Chupa moja ya bia ya Primus ni sentilita 72, kiasi ambacho waganga wa Marekani wangekihesabu kuwa vinywaji viwili, na mwanamke aliyekaribishwa chupa moja katika kabare, yaani baa, hudhani kwa haki kabisa kwamba amekunywa moja. Msomaji wa mtaa wa Buyenzi asiyegusa kileo kwa ajili ya dini asidhani amesalimika, maana mwanawe hukaa dawati moja na mtoto huyu, na mwalimu ni mmoja.

Nakiri kwamba hofu ya wengi ni ya haki: neno hili likisemwa ovyo, litakuwa fimbo ya kuwapigia wanawake. Wanawake wengi hunywa kabla hawajajua kwamba ni wajawazito. Anunuaye chupa mara nyingi ni mume. Na mwenye hisa takriban asilimia 40 katika Brarudi, kiwanda kinachopika bia hapa mjini tangu mwaka 1955, ni serikali yenyewe. Kumlaumu mama peke yake ni dhuluma, na tena ni upumbavu, kwa kuwa mama aliyetishwa hasemi kweli, na bila ya kauli yake hesabu haitimii.

Basi serikali, maadam inapokea faida ya bia pamoja na ushuru wake, na itenge sehemu ndogo ya mapato hayo kwa kazi hii. Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Huko Wellington walianza kwa utepe na mizani: walipima kimo, uzito na mzingo wa kichwa cha kila mtoto wa darasa la kwanza, wakawaita kwa daktari waliokuwa wadogo kupita kiasi, wakawapima akili, kisha wakazungumza kwa faragha na akina mama, wale wa watoto wenye madhara na wale wa watoto wazima, bila kuwatenga. Utepe huo huo utafichua utapiamlo, na kwa gharama hiyo hiyo. Huduma za kujifungua hazilipiwi tangu mwaka 2006, na karibu wajawazito wote huhudhuria zahanati japo mara moja. Swali la kinywaji liulizwe huko, naye mume aitwe asikie jibu. Ama walimu, wafundishwe kumpa mtoto wa namna hii agizo moja kwa wakati mmoja, kulirudia kesho kana kwamba ni jipya, na kumweka karibu na ubao mbali na mlango. Shule tatu za Kamenge, Buyenzi na Musaga zatosha kuanzia, na muhula wa kwanza, kabla watoto hawajaanza kutoroka, ndio wakati wake.