KAZI ZA MIKONO: Eropleni ya karatasi iliyokataa kufunga

Juma hili nilitaka kusema habari za kutia mpini jembe, lakini itabidi mpini ungoje. Nimeletewa bahasha na baba mmoja, na ndani yake mna vipande vya karatasi vilivyokatwa kwa mkasi, pamoja na barua fupi. Asema kwamba mwanawe wa darasa la sita aliletewa na mjomba wake kutoka mjini karatasi mbili zenye michoro ya eropleni ndogo ya vita ya zamani, ya kukata, kukunja na kubandika kwa gundi. Kijana akakaa nazo siku tatu. Siku ya tatu kiwiliwili cha eropleni kikakataa kufunga; kingo mbili zikabaki zimeachana. Akavuta kwa nguvu, karatasi ikapasuka. Baba akamtandika viboko viwili kwa kuharibu zawadi. Sasa aniuliza kama vipande hivi vyaweza kutengenezeka.

Nitakujibu, baba, lakini ngoja kidogo. Kwanza nataka wewe na wasomaji wenzako mjue jinsi anavyofanya kazi mtu anayechora karatasi kama hizo, maana jibu limo humo.

Eropleni iliyochorwa hapa ni Piper L-4 ya jeshi la Marekani, ya vita vya 1939 hadi 1945. Ilikuwa chombo chepesi kabisa: mifupa ya mabomba ya chuma iliyovikwa kitambaa, injini ya nguvu za farasi 65, na watu wawili wakikaa mmoja nyuma ya mwenzie. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 120 kwa saa. Ziliundwa zaidi ya 5,000. Iliweza kutua shambani au barabarani, na madirisha yake yalikuwa makubwa, hata nyuma ya mabawa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutazama.

Najua mama fulani atauliza: kwa nini kumpa mtoto chombo cha vita? Ni swali la haki. L-4 ilitoka kiwandani bila bunduki hata moja. Lakini tusimfiche mtoto: wale wawili waliokaa ndani waliwaambia wapiga mizinga mahali pa kupiga, na mizinga ikapiga. Tena yuko Charles Carpenter, aliyekuwa mwalimu wa historia huko Illinois, ambaye mwaka 1944 kule Ufaransa alifunga bazuka sita chini ya mabawa ya L-4 yake akaenda kushambulia vifaru. Eropleni yake ipo mpaka leo, imetengenezwa upya, nayo imo katika makumbusho huko Massachusetts. Mtoto anayeijenga na aambiwa yote mawili, ya madirisha na ya bazuka. Kwa maoni yangu ni afadhali ajue kuliko aone nyota nyeupe tu ubavuni akadhani ni pambo.

Kazi yenyewe ya kujenga eropleni za karatasi ilipata nguvu wakati wa vita ile ile, kwa sababu mbao nyepesi, mpira na chuma vilikuwa vimeadimika. Mwingereza mmoja, Wallis Rigby, alichora eropleni za karatasi zilizowafikia watoto wengi wa Marekani mwaka 1944 kwa njia ya kampuni ya nafaka. Puani mtoto alitia senti moja ya shaba ili iruke vizuri. Huko Polandi lilianza mwaka 1957 gazeti dogo liitwalo Mały Modelarz, ambalo kurasa zake zilikuwa ni za kukatwa. Mtoto asiye na fedha aliweza kuwa na manowari na eropleni kwa bei ya gazeti.

Sasa tuje kwenye kazi. Karatasi ina tabia moja isiyobadilika: hukubali kupinda upande mmoja, lakini haikubali kupinda pande mbili kwa mara moja. Mama anayeuza karanga akizungusha karatasi kuwa pembe, inatii. Mwambie aivike chungwa bila mikunjo, hataweza. Kwa hiyo mchoraji mwenye busara hutazama eropleni nzima na kujiuliza: wapi ni kama sanduku, wapi ni kama bomba, wapi ni kama pembe ya karanga, na wapi ni kama chungwa? L-4 ni rafiki wa mchoraji. Ubavu wake karibu ni bapa, na mabawa yake chini yamenyooka. Penye uchungwa ni puani tu, inapofunikwa injini, na hapo hukata karatasi kwa mapengo membamba ya pembetatu ili ikubali kujikusanya.

Kisha kipimo. Wachoraji wengi wa Ulaya hutumia 1 kwa 33, yaani kila sentimita 33 za kweli huwa sentimita 1 ya karatasi. Mabawa ya L-4 kutoka ncha hata ncha ni mita 10.74, gawanya kwa 33, utapata sentimita 32 na nusu. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina urefu wa sentimita 29.7, basi bawa halina budi kukatwa mawili. Urefu wa eropleni ni mita 6.83, nao huwa sentimita 20.7. Ngozi ya juu ya bawa huchorwa pana kidogo kuliko ya chini, kwa sababu juu kuna mgongo. Mwanafunzi akisahau hilo, bawa lake litakuwa bapa kama ubao wa kukatia nyama.

Ndani ya kiwiliwili huwekwa viunzi vya kadibodi, hata boksi la sabuni lafaa, na ngozi huvikwa juu yake. Hapa ndipo pagumu. Mzingo wa kiunzi na upana wa ngozi lazima vikubaliane, tena unene wa karatasi nao uhesabiwe. Karatasi ngumu ina unene wa kama milimita 0.2. Bomba linaloingia ndani ya bomba jingine likichorwa bila kuhesabu unene huo, mzingo wake huzidi kwa zaidi ya milimita 1, na halitaingia kamwe. Ongeza na ndimi za kupakia gundi, kiasi cha milimita 5 kila moja. Rangi pia ina sheria zake: ile mistari mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, ilipakwa kwa ajili ya Normandia, Juni 1944, ukiipaka kwenye eropleni ya 1942 umeikosea historia.

Siku hizi wengi huchora kwa kompyuta. Ipo programu ya Kijapani iitwayo Pepakura, ambayo hulikunjua umbo zima likawa vipande bapa. Ni msaada mkubwa, ila haijui kama karatasi yako ni nene au nyembamba, wala kama mtoto anakata kwa mkasi mbovu wa nyumbani. Kwa hiyo mchoraji mwema hujenga kwanza yeye mwenyewe, kwa karatasi nyeupe, mara mbili hata tatu, akisahihisha. Anajua kwamba mtoto ana karatasi moja tu.

Sasa, baba, bahasha yako. Nilipoifungua nilidhani mchoraji amekosea hesabu. Nikavipanga vipande mezani, nikatazama pembezoni. Mchoraji huyu alikuwa mwangalifu: kwenye kila karatasi ameweka mstari mfupi, na chini yake ameandika kwamba ni wa sentimita 10. Nikachukua rula. Wa karatasi ya kwanza, yenye mabawa na viunzi, una sentimita 10 kamili. Wa karatasi ya pili, yenye ngozi ya kiwiliwili, una sentimita 9 na milimita 7.

Basi mambo ndiyo hayo. Huko mjini zilikopigwa chapa, mashine iliachwa ipunguze karatasi ya pili ili ienee vizuri ndani ya kingo. Kiunzi chenye mzingo wa sentimita 12 kikapata ngozi ya sentimita 11.64. Pengo ni zaidi ya milimita 3 na nusu, na hakuna fundi duniani ambaye angelifunga kwa kuvuta. Nilifuata mkato wa mkasi wa kijana wako kwa miwani: hakutoka nje ya mstari hata mahali pamoja, isipokuwa kidogo kwenye gurudumu.

Ngozi ya kiwiliwili nimeichora upya kwa kipimo sawa na viunzi, nami naituma kwa posta pamoja na vipande vya zamani. Mkia nao umepungua, lakini hauna kiunzi ndani. Ubaki ulivyo, hakuna atakayeona. Kijana apake gundi kidogo, angoje ikauke kabla ya kuendelea, na mistari ya kukunjia aipitishe kwanza kalamu isiyo na wino. Habari ya vile viboko viwili sisemi zaidi, hiyo ni ya kwenu nyumbani. Ila kabla hajaanza kukata tena, mpe rula na zile karatasi mbili, aipime mistari hiyo mwenyewe nawe ukiwa umekaa karibu.