Safari Huanzia Mlangoni



Simu imekuja kutoka Dar es Salaam. Mwanao amelazwa Muhimbili. Wewe unaishi Nansio, katika kisiwa cha Ukerewe. Jirani anakuambia: "Panda ndege. Mwanza mpaka Dar es Salaam ni saa moja na nusu tu."

Jirani hakusema uongo. Lakini hakusema yote.

Kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza mpaka ule wa Dar es Salaam ni kilomita 850 hivi kwa njia ya angani. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, maana barabara hupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro. Ndege hukata karibu moja kwa moja, tena ina mbio. Basi hutumia kutwa nzima na sehemu ya usiku.

Lakini saa moja na nusu ni ya kutoka uwanja mpaka uwanja. Je, wewe unaishi uwanjani? Mwanao amelazwa uwanjani?

Tufanye hesabu. Tuseme meli ya kutoka Nansio imechukua saa 3. Kutoka bandarini mpaka uwanjani, pamoja na kutafuta gari, saa 1. Abiria hutakiwa kufika mapema ili apimiwe mizigo na kukaguliwa: weka saa 2. Angani, saa 1 na nusu. Kungoja mizigo na kwenda Muhimbili katika msongamano wa magari, saa 1 na nusu. Jumla ni saa 9. Angani ulikaa sehemu moja tu kati ya sita za safari yako.

Sisemi usipande ndege. Mgonjwa akiwa anakungoja, ndege ni msaada mkubwa. Nasema hivi: usihesabu safari kwa saa za ndege peke yake. Anayehesabu hivyo hutoka nyumbani akiwa amechelewa. Ndege haimngoji. Pengine na nauli hupotea, nayo ilipatikana kwa kuuza ng'ombe.

Liko jambo jingine. Tikiti haifuati saa zetu za Kiswahili. Ikiandikwa 10:00, si saa kumi jioni. Ni saa nne asubuhi. Kuanzia 07:00 mpaka 18:00, toa 6 utapata saa yetu. 07:00 toa 6 ni saa moja asubuhi. 13:00 toa 6 ni saa saba mchana. Mtu akikosea hapa, atafika uwanjani ndege imekwisha kuondoka.

Kwa maoni yangu, kila muuza tikiti angepaswa kumweleza abiria saa hizo kwa Kiswahili, na kumwambia afike uwanjani saa ngapi. Huo ni wajibu wake, kwa kuwa amepokea fedha. Lakini sisi tusikae kungoja kuelezwa. Tulijifunza kusoma na kuhesabu ili tujitegemee.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na muda ni mali. Kwa hiyo, kabla ya kulipa nauli, chukua kalamu na daftari. Andika saa ya ndege. Kisha hesabu kurudi nyuma: uwanjani, njiani, melini, mpaka mlangoni kwako. Hapo utajua saa ya kuondoka nyumbani. Na kama meli ya siku ile haitawahi, utajua kwamba yakupasa kulala Mwanza.